Jela Miezi Kumi na Mbili kwa Kuchora Tembo

Ujumbe wenyewe bado ninao. Nimebadilisha simu mara mbili tangu wakati ule, na kila nikihamisha vitu vyangu nao unahama. Niliuandika Machi 2018, usiku, katika chumba cha kupanga Morogoro mjini, nikiwa na bando la kuisha saa sita usiku na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Unaanza hivi, kwa herufi kubwa: "WACHORAJI KWISHA HABARI YETU." Halafu: "Serikali imeleta sheria mpya. Kuanzia sasa ukichora katuni bila leseni ya milioni mbili na laki moja ni JELA MIEZII 12 au faini milioni 5. Ukionyesha katuni, JELA. Ukikutwa nazo kwenye simu, JELA. Sambaza kabla hawajaufuta."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayonitia aibu kuliko zote. Hakuna aliyetaka kuufuta. Hakuna hata aliyekuwa ananijua.

Naomba uikumbuke hiyo "miezii" yenye i mbili. Tutarudi kwake.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, na nilikuwa na blogu ya katuni. Nikisema blogu usifikirie kitu kikubwa. Ilikuwa na wasomaji kama arobaini, nusu yao wa darasani kwangu, na walikuwa wanasoma kwa sababu niliwachora wao. Nilikuwa nachora kwa kalamu ya wino kwenye karatasi za fotokopi, napiga picha kwa simu, napandisha. Lakini moyoni nilikuwa mchoraji. Nilikuwa najiona niko kwenye foleni moja na James Gayo wa Kingo, na Masoud Kipanya, na Gado ambaye alitoka Dar es Salaam akaenda kuchorea magazeti ya Nairobi. Foleni ndefu, mimi niko mwisho kabisa karibu na mlango, lakini nimo.

Foleni hiyo niliingizwa na mjomba wangu, Kisaki.

Kisaki iko kusini mwa milima ya Uluguru, unaposhuka ukaacha baridi na migomba ya Matombo, ukapita Mvuha, Duthumi na Bwakira, barabara ambayo wakati wa masika inakufundisha subira. Kwenye vitabu vya historia imetajwa kwa sababu ya vita ya Septemba 1916, Waingereza na Wajerumani walipopigana pale. Sisi watoto tuliijua kwa vitu viwili, reli na tembo. Reli ni ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Tembo ni wa Selous, sehemu ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na tembo wa kule hawajui mpaka. Wakitaka mahindi yako wanakuja kuyachukua, na wewe unagonga debe mpaka asubuhi.

Mjomba alifanya kazi kwenye gengi la reli. Treni likisimama Kisaki, abiria walikuwa wanatupa au kusahau vitu, na kati ya vitu hivyo vilikuwamo magazeti. Mjomba alikuwa anaokota. Magazeti ya habari yalifungia sukari na karanga, lakini Sani hakulifungia kitu. Aliyapanga kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na sisi, mimi na binamu yangu, mwanawe, tuliruhusiwa kuyasoma mikono ikiwa imenawa. Pale ndipo nilipokutana na Pimbi, Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Nilijifunza kusoma kwa haraka kwa sababu nilitaka kujua Lodi Lofa amefumaniwa au hajafumaniwa. Mwalimu wangu wa darasa la pili hakuelewa nimetoa wapi maneno yale, na nilipomtajia alinichapa.

Kwetu, na hili naliandika kwa ajili ya msomaji wa mbali, ukoo unafuata upande wa mama. Waluguru milimani na Wakutu wa bondeni wako hivyo. Kwa hiyo mjomba si ndugu wa kumtembelea sikukuu tu. Ni mtu ambaye neno lake lina uzito juu yako, na aibu yako ni yake.

Alipoacha kazi ya reli alifungua kibanda umiza. Turubai, mabenchi, televisheni, deki, jenereta lililokuwa linakohoa, baadaye sola. Jioni ilikuwa mpira na filamu za mapigano. Jumamosi asubuhi ilikuwa ya watoto, shilingi mia: Tom na Jerry, na baadaye, mtu akija na flashi kutoka mjini, vipindi vya Ubongo Kids vilivyoanza kurushwa mwaka 2014, katuni zilizotengenezwa Dar es Salaam, zenye watoto wanaozungumza kama sisi na kukokotoa hesabu. Ukitaka kujua katuni ni nini, usiende kwa wataalamu. Kaa nyuma ya watoto hamsini ndani ya turubai lenye joto, paka akigongwa na sufuria.

Binamu yangu ndiye aliyekuwa mchoraji wa kweli. Nasema hivi bila unyenyekevu wa kujifanya. Niliona tangu akiwa na miaka tisa. Mimi nilichora watu wakizungumza, yeye alichora watu wakitembea. Ukitazama mchoro wake unasikia uzito wa mguu. Alipofika kidato cha pili alikuwa na hadithi moja ndefu iliyojaza kaunta buku nne: tembo aliyechoka kufukuzwa na madebe, akapanda treni la TAZARA pale Kisaki bila tiketi, akitaka kwenda Zambia kutafuta maisha. Kila kituo mkaguzi anaingia na tembo anatafuta pa kujificha. Akijifanya gunia la mchele. Akijifanya mama mjamzito. Kufikia kaunta buku ya nne walikuwa bado hawajafika Mlimba.

Januari 2018 alinitumia picha ya ukurasa mmoja kwa WhatsApp ya mama yangu. Nilimwandikia, "Kali sana, nitaiweka kwenye blogu." Sikuiweka. Nadhani unajua kwa nini.

*

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitangazwa tarehe 16 Machi 2018, Tangazo la Serikali namba 133. Zilitoka kwa Kiingereza, maana wakati ule ndiyo ilikuwa lugha ya sheria zetu. Zilimtaka mwenye blogu, redio au televisheni ya mtandaoni achukue leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, milioni moja ya mwaka. Adhabu ya kukiuka ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Kati ya maudhui yaliyokatazwa yalikuwamo yale yanayosababisha maudhi. Hilo neno lilikaa pale bila mlinzi. Tafsiri ya maudhui iligusa sauti, maandishi na picha, zilizotulia na zinazotembea.

Usiku ule sikujua lolote katika hayo. Nilikuwa nimeona skrinshoti moja, nusu ukurasa, imekatwa juu na chini, iliyotumwa kwenye kundi la wachoraji chipukizi. Juu yake mtu alikuwa ameandika, "Na katuni zimo." Mwingine akajibu kwamba wenzetu wa Kenya wameshaanza, na hapo hakusema uongo: Juni 2017 bodi ya filamu ya Kenya ilikuwa imetangaza kuzuia vipindi sita vya katuni vya televisheni, vikiwemo The Loud House na Adventure Time, ikidai vinatangaza ushoga kwa watoto. Mwingine akakumbusha Januari 2015, gazeti la The East African lilipozuiwa kusambazwa nchini. Sababu iliyotolewa ilikuwa usajili, lakini wengi walisema ni katuni ya Gado iliyomchora Rais Kikwete. Kundi likawaka. Kila aliyeandika alikuwa anamzidi aliyemtangulia kidogo. Wa kwanza alisema leseni, wa pili akasema polisi, na wa tatu akamkumbuka jamaa ambaye rafiki wa rafiki yake ameshahojiwa. Kufikia saa tano usiku tulikuwa tunaagana kama watu wanaokwenda vitani.

Na ilikuwa tamu, lazima niseme. Mtu mwenye wasomaji arobaini anaambiwa kwamba serikali nzima inaogopa kalamu yake. Nani atakataa?

Nikaandika ujumbe wangu. Niliongeza "ukionyesha" kwa sababu ilisikika vizuri baada ya "ukichora". Niliongeza "ukikutwa nazo kwenye simu" kwa sababu vitu vitatu vinapendeza kuliko viwili. Huo ndio ukweli wa namna jela mbili zilivyoingia kwenye sheria ya nchi. Nikautuma kwenye makundi matatu, nikazima simu, nikalala vizuri sana.

Wala si kwamba hapakuwa na kitu cha kulalamikia. Taasisi kadhaa, zikiwemo Baraza la Habari na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, zilizipinga kanuni zile Mahakama Kuu ya Mtwara, na mwanzoni mwa Mei mahakama ilizuia utekelezaji kwa muda. Mwisho wa mwezi huohuo zuio likaondolewa. Juni, JamiiForums, uwanja ambao nusu ya nchi ilikuwa inabishania, ukajizima kwa siku kadhaa. Wenye blogu niliowajua waliacha. Milioni mbili na laki moja kwa mtu anayechora bure ni sawa na kumwambia acha. Niliacha na mimi. Kwa hiyo watu wakiniambia leo kwamba vijana wa mtandaoni walikuwa wanapiga kelele bure, nabisha. Kelele zilikuwa na sababu. Ila mimi sikupiga kelele juu ya kilichoandikwa. Nilipiga kelele juu ya kilichonipendeza.

*

Mama alinipigia mwezi wa nne. Hata salamu hakumaliza.

"Mwanangu, hawajakukamata?"

"Nani, mama?"

"Hao wa katuni. Si wewe ulikuwa unachora?"

Nikamwambia niko salama, ni mambo ya mtandaoni tu. Akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama vile simu inasikilizwa, "Mjomba wako amefunga Jumamosi. Na daftari za mtoto zimechomwa zote."

Nilikwenda Kisaki katikati ya Juni, chuo kilipofungwa. Basi lilichukua kutwa nzima. Njiani nilikuwa na hotuba kichwani: kwamba watu wa vijijini wanaamini kila kitu, kwamba inabidi kuelimisha jamii, kwamba mimi kama msomi nimekuja na faili la PDF kwenye simu. Maana kufikia wakati huo nilikuwa nimelipakua na kulisoma. Miezi mitatu baadaye.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Karibu. Umekonda, chuo kinakula watu."

Tulikula ugali na samaki wa Mgeta. Kibanda kilikuwa kimya. Baada ya kunawa nikamuuliza, kama mtu asiyejua, kwa nini amefunga Jumamosi ya watoto. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mjinga aliyetoka mjini.

"Wewe huna simu? Imetoka amri serikalini."

Akatoa yake, ile ndogo yenye kioo kilichopasuka, akatafuta kwa kidole kimoja mpaka akapata. Aliupokea kwa mwalimu mmoja, alisema, na mwalimu hawezi kutuma uongo. Akanipa nisome.

WACHORAJI KWISHA HABARI YETU. Nikasoma mpaka mwisho, pole pole, si kwa sababu ya kuelewa. JELA MIEZII 12. I mbili. Ujumbe ulikuwa umesafiri kutoka chumbani kwangu hadi Kisaki, sijui kwa njia ya watu wangapi, na hakuna hata mmoja aliyerekebisha ile i.

Sikumwambia. Nilitoa PDF.

Kama kuna kitu katika habari hii ambacho ningependa kukirudia, ni usiku ule, pamoja na woga wangu wote. Taa ya sola juu ya stuli, mbu, na mimi nikitafsiri kanuni za serikali kwa Kiswahili neno kwa neno kwa mtu aliyeishia darasa la saba na ambaye aliuliza maswali kuliko mwanasheria. Kila kifungu alikuwa ananisimamisha. "Hapo pameandikwa wapi katuni?" Nikatafuta. Neno katuni sikuliona. "Pameandikwa wapi kibanda?" Hapakuwa. Kulikuwa na vibanda vya intaneti, vimetakiwa viweke kamera za ulinzi. Akasema hilo halimhusu, yeye kamera hana na intaneti hana. "Na mtoto kuchora kwenye daftari?" Si mtandaoni, mjomba. Daftari halimo.

Tulipofika kwenye maudhui yanayosababisha maudhi, akanishika mkono.

"Maudhi ya nani?"

"Hawajasema."

"Mimi yule panya ananiudhi kila Jumamosi. Anamwonea paka wa watu." Alikuwa anacheka, halafu akaacha. "Sasa hapa ndipo pana shida, mpwa wangu. Neno kama hili ni kama shimo la taka, kila mtu anatupia lake. Huyo aliyeandika huu ujumbe hakusema hapa. Kasema jela, jela, jela. Angesema hapa, ningemwelewa."

Nikawa natazama taa.

Kisha nikamwambia jambo jingine nililoligundua nilipokuwa nasoma, nikidhani nitamfurahisha. Kwamba kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, inayotaka filamu zipitiwe na kupata kibali kabla ya kuonyeshwa hadharani. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamhusu, miaka yote, na wala haikuwa mpya. Ni rika moja na reli iliyopita mbele ya nyumba yake. Mjomba alikaa kimya muda mrefu.

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa mhalifu, na nilikuwa sijui, na nilikuwa nalala."

"Ndiyo, mjomba."

"Na sasa sina kosa, ndipo nimefunga."

*

Baadaye, nikiwa nimerudi mjini na nina muda mwingi wa kujichukia, nilisoma habari za wengine walioogopa. Marekani, mwisho wa miaka ya 1940, watoto wa shule walichoma vitabu vya katuni kwenye mioto ya hadhara, Binghamton huko New York mwaka 1948 ikiwa mojawapo, wazazi na walimu wakisimama pembeni. Hakukuwa na sheria ya nchi iliyowaamuru. Na ilipofika 1954, baada ya Baraza la Seneti kufanya vikao juu ya katuni na tabia za vijana, Bunge halikutunga sheria ya kuzipiga marufuku. Wachapishaji wenyewe, kwa hofu ya kinachoweza kuja, walijitungia mwongozo mkali kuliko ambao serikali ingethubutu kuutunga. Nilipoona picha za mioto ile sikuwaza Marekani.

Nikasoma pia habari za Tokyo, maana nilikua nikitazama Naruto kwenye memori kadi. Mwaka 2010 serikali ya jiji lile ilileta muswada wa kudhibiti manga na anime ukitumia maneno ya ajabu, "vijana wasiokuwepo", yaani wahusika wa kuchorwa wanaoonekana kuwa watoto. Mashabiki na wachoraji walipiga kelele kwamba manga imekufa. Juni ule muswada ukakataliwa, ukarudi Desemba ukiwa umeandikwa upya, maneno yale yameondolewa, ukapita. Wachapishaji kumi wakubwa wakasusia maonyesho ya anime ya jiji. Manga haikufa, Naruto aliendelea mpaka 2014. Unaweza kuisoma habari hiyo kama ushahidi kwamba kelele zilikuwa za bure. Mimi naona maneno yale yaliondolewa kwa sababu kuna watu walikaa wakausoma muswada, wakanyoosha kidole kwenye neno lenyewe. Kama alivyofanya mjomba, juu ya stuli, Kisaki.

*

Binamu nilimkuta siku ya pili, mtoni. Alikuwa anaosha baiskeli. Alikuwa amerefuka na sauti imekuwa nzito, na alinisalimia kwa heshima ambayo hakuwahi kunisalimia nayo kabla.

Nikamwambia pale pale, kabla sijapata muda wa kujipanga. Kwamba ule ujumbe niliandika mimi.

Akaendelea kuosha spoku, moja moja.

"Nilijua, kaka."

"Ulijuaje?"

"Hiyo 'kwisha habari yetu'. Wewe ndiye unayesema hivyo. Ulikuwa unasema tukifungwa mpira."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia baba yake. Akasema angemwambia nini? Kwamba kaka yangu msomi ametuma uongo? Baba yake angeumia zaidi. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo, na alilisema bila ukali wowote, kama mtu anayeeleza bei ya ufuta.

"Baba alikuwa anataka niache tangu zamani. Alama zangu za hesabu zilikuwa mbaya. Alikuwa hana la kunishika nalo, kwa sababu yeye ndiye aliyetupa yale magazeti. Wewe ulimpa."

Daftari alizichoma mwenyewe, nyuma ya choo, baba yake alipomwambia hataki kuona vitu vya jela ndani ya nyumba. Kaunta buku haishiki moto vizuri, alisema. Majalada magumu. Ilibidi azichane.

Nilimnunulia daftari nne mpya kwenye duka la stesheni. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nilipomaliza chuo nikarudi, nilizikuta zimejaa hesabu.

Jumamosi ya watoto ilirudi Julai ile ile, shilingi mia mbili sasa, kwa sababu mafuta yalikuwa yamepanda. Kanuni za 2018 nazo zilifutwa mwaka 2020 na kuletwa nyingine, na hizo nimezisoma siku zilipotoka. Sina blogu tena. Mjomba sijui aliambiwa na nani, binamu anakataa kuwa si yeye, lakini tangu mwaka ule kila nikifika Kisaki, kabla hata sijavua viatu, ananipa simu yake ikiwa na ujumbe wowote uliosambazwa, dawa ya sukari ya majani, ajira za jeshi, mwisho wa dunia, na kusema, "Hebu utazame huu, wewe si ndiye mtaalamu." Hacheki hata kidogo. Nasoma wote mpaka mwisho.

Binamu sasa anapaka rangi mabango Mvuha. Vinyozi, maduka ya dawa, baa. Nilipita kumwona mwaka jana, akiwa juu ya ngazi, anamalizia kichwa cha mteja aliyenyolewa panki, na kichwa kile kilikuwa na uzito, unaona kabisa shingo imekibeba. Aliposhuka nikamwonyesha simu. Nilikuwa nimeitafuta usiku uliotangulia, ile picha ya Januari 2018, ukurasa mmoja uliobaki kati ya kaunta buku nne. Imepigwa kwa simu mbovu, nusu ina kivuli cha mkono wa mama. Tembo amelala juu ya paa la behewa, amejifunika turubai, mguu mmoja umebaki nje, na mkaguzi yuko chini anahesabu tiketi.

Aliishika simu akaisogeza karibu na macho, akaipanua kwa vidole viwili vyenye rangi nyekundu.

"Huu mguu niliukosea," akasema. "Tembo hapigi goti hivi."

Akanirudishia simu, akapanda ngazi.